Nani Anawamaliza Samoni?

Mvua za Oktoba na Novemba zinapoanza kunyesha katika jiji la Seattle, pwani ya magharibi ya Marekani, samoni wa aina ya koho huacha bahari na kuingia katika vijito vinavyopita katikati ya mitaa. Kwa miaka mingi vijito hivyo vilikuwa mifereji ya taka. Miaka ya 1990 wakazi na mamlaka za jiji walianza kuvisafisha: walizoa takataka, wakapanda miti kingoni, wakarudisha changarawe ili samaki wapate pa kutagia. Koho wakaja. Kisha, saa chache baada ya mvua kubwa, waliokwenda kuwatazama waliwakuta wakizunguka ovyo juu ya maji, vinywa wazi, wakipinduka ubavu na kufa. Majike walikufa matumbo yakiwa bado yamejaa mayai. Katika baadhi ya vijito, kati ya asilimia 40 na 90 ya koho waliorudi walikufa kabla ya kutaga.

Watafiti walipima kila walichokishuku. Joto la maji halikuwa tatizo. Oksijeni ilitosha. Hapakuwa na ugonjwa, wala viuatilifu au metali za kiasi cha kuua. Walichokuwa na hakika nacho ni kwamba sumu ilikuja na maji ya mvua yanayotiririka kutoka barabarani. Jibu lilichukua takribani miaka ishirini. Desemba 2020, timu iliyoongozwa na watafiti wa vyuo vikuu vya Washington, jimbo lenye jiji hilo, ilitangaza katika jarida la Science kwamba muuaji ni tairi la gari. Watengenezaji wa matairi huchanganya katika mpira kemikali iitwayo 6PPD, ili usipasukepasuke kwa gesi ya ozoni iliyo hewani. Tairi linaposuguana na lami huacha chembe ndogo barabarani, na 6PPD iliyomo ikikutana na ozoni hugeuka kemikali nyingine, 6PPD-kwinoni, ambayo kabla ya hapo hakuna aliyejua kuwa ipo. Kiasi kidogo mno cha kemikali hiyo humuua koho kwa saa chache. Samoni wa aina ya chamu, akiwekwa katika maji yaleyale, huogelea bila dalili yoyote.

Kesi ya Seattle ni nadra, kwa sababu mshtakiwa alikuwa mmoja na ushahidi ukapatikana. Kwingineko samoni wa asili wanapungua kwa sababu nyingi zilizoshikana, na kila mwenye sehemu katika kosa ana mwenzake wa kumnyooshea kidole. Mwenye bwawa humtaja mvuvi. Mvuvi humtaja simba bahari. Mkulima anayemwagilia husema tatizo liko baharini, na mkata magogo husema tatizo ni bwawa. Kila mmoja anasema kweli kiasi chake, na katikati ya kweli hizo nusunusu miaka hupita na samaki huisha.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, samoni ni minofu ya rangi ya chungwa inayoonekana kwenye majokofu ya maduka makubwa ya Nairobi au Dar es Salaam, na samaki huyo kwa kawaida ni wa kufugwa. Ndugu yake wa karibu, trauti, yumo hata katika mito baridi ya milima ya Aberdare na Mlima Kenya, alikopandwa na walowezi Waingereza mwanzoni mwa karne ya 20. Lakini maisha ya samoni wa asili hayafanani na ya samaki wengi tunaowajua.

Huzaliwa katika changarawe, chini ya kijito chenye maji matamu, safi na ya baridi. Jike huchimba shimo kwa mkia, hutaga mayai elfu kadhaa, dume huyarutubisha, kisha jike huyafukia. Mayai hukaa humo kwa miezi, yakitegemea oksijeni inayoletwa na maji yapitayo kati ya kokoto. Vifaranga huishi mtoni kwa wiki, miezi au hata miaka kutegemea aina, ndipo miili yao hubadilika ili iweze kuvumilia chumvi, nao huteremka hadi baharini. Huko hukulia kwa mwaka mmoja hadi mitano au zaidi, wengine wakisafiri maelfu ya kilomita. Wakikomaa hurudi kule kule walikozaliwa, na wanapokaribia huongozwa na harufu ya maji ya kijito chao. Samoni wa Pasifiki, yaani chinuki, koho, sokai, chamu na pinki, hutaga mara moja kisha hufa. Mizoga yao huwalisha dubu, tai na wadudu, na hata misitu: naitrojeni iliyotoka baharini imepatikana ndani ya mbao za miti inayoota kando ya mito ya samoni.

Samaki wa ziwani anahitaji ziwa lenye afya. Samoni anahitaji kijito, mto mkuu, mdomo wa mto na sehemu kubwa ya bahari, na vyote viwe salama kwa zamu anapopita. Mahali pamoja pakiharibika, uzuri wa pengine haumfidii.

Mfano mkubwa ni mto Columbia, unaotoka Kanada na kupita katika majimbo ya Washington na Oregon hadi Pasifiki. Wataalamu wanakadiria kwamba kabla ya walowezi kufika, samoni pamoja na trauti wa baharini kati ya milioni 10 na 16 waliingia katika mto huo na matawi yake kila mwaka. Siku hizi mwaka wa kawaida huleta milioni 2 hivi, na wengi wao walizaliwa katika vituo vya kuzalishia vifaranga. Pigo la kwanza lilikuwa la uvuvi. Mwaka 1866 kilifunguliwa kiwanda cha kwanza cha kusindika samoni kwenye makopo katika mto huo, na kufikia 1883 viwanda vilikuwa vimeongezeka kiasi cha kusindika karibu tani 19,500 za chinuki kwa mwaka mmoja. Wakati huohuo wakata magogo na wachimba dhahabu walikuwa wakivuruga vijito vya juu. Samoni alikuwa amekwisha kudhoofika kabla ya saruji ya kwanza kumwagwa mtoni.

Bwawa la Bonneville lilikamilika mwaka 1938, likiwa na ngazi za samaki: vidimbwi vilivyopangwa kama vipandio ili samoni aruke kutoka kimoja hadi kingine. Grand Coulee, lililokamilika mwaka 1942, halina ngazi. Ukuta wake una urefu wa mita 168 kwenda juu, na tangu siku ulipoziba mto, sehemu yote ya juu ya Columbia ilitengwa na bahari. Juni 1940, maelfu ya watu wa mataifa ya wenyeji wa asili walikusanyika kwenye maporomoko ya Kettle, walipokuwa wamevua kwa vizazi visivyohesabika, wakafanya siku tatu za kuomboleza kabla maji ya bwawa hayajayafunika. Tarehe 10 Machi 1957 ikawa zamu ya Celilo, maporomoko yaliyokuwa soko na kituo cha uvuvi kwa maelfu ya miaka. Milango ya bwawa la The Dalles ilifungwa asubuhi, na kwa saa chache tu maporomoko yote yakawa yamezama.

Wengi hudhani ubaya wa bwawa ni kumzuia samaki anayepanda. Ukweli ni kwamba anayeumia zaidi ni kifaranga anayeshuka. Zamani mafuriko ya theluji iliyoyeyuka yalimbeba hadi baharini kwa siku chache. Sasa anakutana na ziwa baada ya ziwa, maji yaliyosimama, na safari ya siku inakuwa ya wiki. Wakati huo mwili wake unaendelea kujigeuza kwa ajili ya chumvi, na mabadiliko hayo hayasubiri. Njiani anawindwa na samaki wakubwa wanaopenda maji ya utulivu na vuguvugu, kisha anapita kwenye mitambo ya umeme inayoweza kumuua au kumduwaza awe chakula rahisi cha ndege. Kwa miongo kadhaa Jeshi la Wahandisi la Marekani limekuwa likiwakusanya vifaranga juu ya mabwawa, kuwapakia kwenye matishari na malori, na kuwashusha chini ya bwawa la mwisho. Samaki kusafirishwa kwa lori kandokando ya mto wake mwenyewe ni ushahidi wa kutosha wa jinsi mto huo ulivyogeuzwa.

Miongoni mwa waliolipa gharama kubwa zaidi ni sokai wa ziwa Redfish, katika milima ya jimbo la Idaho. Wao hupanda kilomita 1,400 na zaidi kutoka baharini hadi kimo cha karibu mita 2,000, na njiani hukutana na mabwawa manane: manne ya Columbia, na manne ya tawi lake la Snake, yaliyojengwa kati ya miaka ya 1950 na 1975. Ziwa hilo lilipewa jina lake kwa sababu ya wekundu wa samaki waliokuwa wakilijaza. Mwaka 1992 alifika sokai mmoja tu, dume. Watu wakampa jina la Larry Mpweke. Kati ya 1991 na 1998 waliofika kwa jumla walikuwa 16, na wataalamu waliwachukua ili kuwazalisha chini ya uangalizi. Ukoo wa leo wa Redfish umetokana na hao.

Juu zaidi ya mabwawa, kule kwenye vijito, madhara ni ya kimyakimya. Msitu ukikatwa hadi ukingoni, mvua huporomosha udongo na tope huziba nafasi kati ya kokoto. Mayai yaliyofukiwa hukosa hewa na kufa bila mtu kuona mzoga. Jua hupenya na kuyapasha maji moto. Watafiti wa Kanada wamekifuatilia kijito kimoja cha kisiwa cha Vancouver, Carnation, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, kabla, wakati na baada ya ukataji wa miti, na walichoonyesha ni kwamba mabadiliko huendelea kwa miongo mingi baada ya msumeno kunyamaza. Kuna pia kosa lililofanywa kwa nia njema: katikati ya karne iliyopita wasimamizi wa uvuvi waliamini magogo yaliyoanguka mtoni huwazuia samaki, wakayatoa kwa trekta. Baadaye ilieleweka kwamba magogo hayo ndiyo yaliyochimba vidimbwi virefu vya baridi ambamo vifaranga hujificha. Leo helikopta hutumika kuyarudisha.

Halafu kuna kalvati. Barabara inapovuka kijito, maji hupitishwa kwenye bomba chini yake, na bomba likiwa jembamba au limening'inia juu ya maji, samoni hawezi kulipanda. Jimbo la Washington peke yake lilikuwa na mamia ya makalvati ya namna hiyo chini ya barabara zake. Mataifa ya wenyeji yaliishtaki serikali ya jimbo mwaka 2001, na mwaka 2018 majaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani waligawanyika wanne kwa wanne, hivyo hukumu iliyokuwa imewapa ushindi wenyeji ikabaki. Jimbo linalazimika kuyajenga upya kwa mabilioni ya dola.

Kesi hiyo isingewezekana bila historia iliyotangulia. Miaka ya 1854 na 1855 mataifa hayo yalisaini mikataba ya kuachia ardhi yao, yakibakiza haki ya kuvua mahali pao pa kawaida. Karne moja baadaye, serikali ya jimbo ilikuwa ikiwakamata wenyeji kwa kuvua hapohapo, kwa hoja ya kulinda samaki. Billy Frank Jr. wa taifa la Nisqually alikamatwa mara ya kwanza mwaka 1945 akiwa na miaka 14, na baadaye alikamatwa zaidi ya mara 50. Februari 1974 Jaji George Boldt aliamua kwamba mikataba inawapa wenyeji haki ya nusu ya samaki wanaoweza kuvuliwa. Swali lililobaki, ambalo kesi ya makalvati ililijibu kwa sehemu, lilikuwa dhahiri: nusu ya samaki ina maana gani ikiwa mto hauna samaki?

Joto ndilo linaloyaunganisha yote. Samoni huanza kutaabika maji yakipita nyuzi 20 hivi za Selsiasi. Mayai yake hufa kwenye joto la chini ya hapo kwa mbali. Septemba 2002 katika mto Klamath, unaovuka mpaka wa Oregon na California, maji yalikuwa machache na vuguvugu. Chinuki walikuwa wengi mwaka huo, wakasongamana katika vidimbwi vya chini, na magonjwa mawili ya matamvua yakawapitia. Waliokufa walihesabiwa kuwa 34,000 kwa uchache. Daktari angeandika ugonjwa kama chanzo cha kifo. Wayurok, ambao mto huo ni wao tangu enzi, walitaja maji yaliyopelekwa mashambani na mabwawa yaliyoyapasha moto yaliyobaki. Mwaka 2015 theluji ilikuwa haba katika milima ya kaskazini-magharibi na kiangazi kikawa kikali. Sokai wapatao 250,000 walikufa katika Columbia na matawi yake. Wa Redfish waliangamia karibu wote njiani.

Katika mto Sacramento wa California kuna chinuki wa majira ya baridi, ambao hutaga wakati wa joto kali. Hilo halikuwa tatizo walipokuwa wakipanda hadi chemchemi baridi za milimani. Tangu bwawa la Shasta likamilike mwaka 1945 hawafiki huko, nao hutaga chini ya bwawa, wakitegemea wasimamizi wafungulie maji baridi kutoka kina cha ziwa. Katika ukame wa 2014 na 2015 maji baridi yaliisha. Kila mwaka kati ya hiyo miwili, takribani asilimia 95 ya mayai na vifaranga vilikufa. Ukisema walikufa kwa ukame umesema kweli, na ukisema waliuawa na bwawa umesema kweli pia. Wavuvi, ambao hawakuhusika na lolote kati ya hayo, walifungiwa: uvuvi wa biashara wa samoni ulisimamishwa California mwaka 2023, ukasimamishwa tena 2024 na 2025.

Bahari nayo imebadilika. Kuanzia mwisho wa 2013 hadi 2016, eneo kubwa la kaskazini-mashariki mwa Pasifiki lilipata joto lisilo la kawaida. Maji ya baridi ya kule huwa na vijidudu vyenye mafuta mengi, chakula bora cha samoni mdogo. Yakipata joto, nafasi yao huchukuliwa na vingine vyenye mafuta machache. Samoni aliyetoka mtoni salama hufika mezani na kukuta sahani tupu.

Hata sahani ikijaa, inaweza kuwa na tatizo. Mwanzoni mwa 2020, wafanyakazi wa vituo vya kuzalishia vifaranga huko California waliona vifaranga wakiogelea kwa kuzungukazunguka, wakilala ubavu na kufa. Walipotiwa katika maji yaliyochanganywa vitamini B1 walipata nafuu kwa saa chache. Mama zao walikuwa wamekosa vitamini hiyo, na maelezo yaliyokubalika zaidi ni mlo: samaki wengine wadogo walikuwa wamepungua baharini, samoni wakala karibu dagaa pekee, aina ambayo mwilini ina kimeng'enya kinachovunja vitamini B1. Samaki walishiba, lakini watoto wao wakafa kwa utapiamlo.

Kwa karne moja na nusu jibu rahisi la kila upungufu limekuwa kuzalisha vifaranga. Kituo cha kwanza cha serikali ya Marekani kwa kazi hiyo California kilianza 1872. Siku hizi Japani, Urusi, Marekani na Kanada humwaga katika Pasifiki ya kaskazini vifaranga wapatao bilioni 5 kila mwaka. Vituo hivi vimeiokoa mbegu ya Redfish na vinawapa wavuvi kazi, na hilo lisidharauliwe. Lakini kwa sehemu kubwa vilijengwa kama fidia ya mabwawa, na vikawa ruhusa ya kuendelea kuharibu mito. Samaki waliolelewa katika matangi huwa na uwezo mdogo zaidi wa kuzaana mtoni, na wakichanganyika na wa asili huipunguza nguvu ya ukoo. Baharini mabilioni hayo yanagombea chakula na samoni wale wale wanaotakiwa kuokolewa.

Upande wa Atlantiki mshtakiwa mkuu anafahamika zaidi kwa watu wa Ziwa Victoria, ambako ufugaji wa vizimba unakua kwa kasi. Norwei ndiyo mfugaji mkubwa wa samoni duniani, ikizalisha zaidi ya tani milioni moja kwa mwaka katika vizimba vilivyotandazwa kwenye ghuba zake. Samaki wakisongamana, chawa wa samoni huzaliana, na vifaranga wa asili wanaopita kuelekea baharini hubebeshwa wadudu wanaowatafuna ngozi; kwa samaki mdogo, chawa wachache wanatosha kumuua. Wanaotoroka vizimbani huingia mitoni na kuzaana na wa asili. Watafiti wa Norwei wamekuta alama za damu ya samaki wa kufugwa katika takribani theluthi mbili ya koo za asili walizopima. Samoni wa asili wanaorudi katika mito ya nchi hiyo wamepungua zaidi ya nusu tangu miaka ya 1980, na Juni 2024 serikali ilifunga ghafla uvuvi katika mito 33. Desemba 2023 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira lilimhamisha samoni wa Atlantiki kutoka kundi la wasiotia wasiwasi hadi kundi la wanaokaribia hatari: idadi yake duniani ilikuwa imeshuka kwa asilimia 23 kati ya 2006 na 2020.

Simba bahari na ndege wanaotajwa sana na wavuvi wanakula kweli. Ila mara nyingi meza wameandaliwa na binadamu. Karibu na mdomo wa Columbia, mchanga uliochimbwa ili meli zipite ulirundikwa ukawa kisiwa, na kufikia miaka ya 1990 kisiwa hicho kilikuwa na koloni kubwa kuliko yote duniani ya ndege waitwao membe wa Kaspi, waliokula vifaranga wa samoni kwa mamilioni kila mwaka. Simba bahari hukusanyika chini ya Bonneville kwa sababu hapo ndipo samoni husimama wakitafuta mlango wa ngazi.

Pale visababishi vinapoondolewa, samoni hawahitaji kualikwa. Mabwawa mawili ya mto Elwha, jimboni Washington, yalibomolewa kati ya 2011 na 2014 baada ya karibu karne moja, na Oktoba 2023 taifa la Klallam wa Elwha ya Chini lilivua tena koho katika mto wake. Klamath ilifuata kwa kiwango kikubwa zaidi. Baada ya miaka mingi ya madai ya Wayurok, Wakaruk na wenzao, mabwawa manne yaliondolewa, kazi ikikamilika mwanzoni mwa Oktoba 2024, na zaidi ya kilomita 640 za mito zikafunguka. Tarehe 16 mwezi huohuo, wataalamu wa Oregon walimwona chinuki katika kijito kilicho juu ya mahali palipokuwa na bwawa la juu kabisa kati ya hayo. Samaki wa aina yake hawakuwa wamefika huko tangu 1912. Huko Snake hali ni tofauti: Desemba 2023 serikali ya Marekani iliafikiana na mataifa manne ya wenyeji na majimbo mawili juu ya mpango ambao ungeweza kufungua njia ya kuondoa mabwawa manne, na Juni 2025 serikali iliyofuata ikajitoa.

Mto unaowasumbua wataalamu zaidi ni Yukon, wenye urefu wa zaidi ya kilomita 3,000 kutoka Kanada hadi pwani ya Alaska. Hauna msururu wa mabwawa, bali moja tu, karibu na chanzo chake. Hauna majiji makubwa wala vizimba vya kufugia. Hata hivyo chinuki wake wameporomoka, na mwaka 2021 chamu wakaporomoka pia. Wanaorudi ni wadogo kuliko wale ambao wazee waliwavua, na wengi wana kimelea kinachoshambulia moyo na misuli. Mwaka 2019, wakati wa joto kali, chamu walikutwa wamekufa katika tawi la Koyukuk wakiwa bado na mayai. Wenyeji wanazilaumu pia meli za kokoro katika bahari ya Bering, zinazonasa samoni zikitafuta samaki wengine. Wenye meli wanajibu kwamba wanaonaswa ni wachache kuliko wanaouawa na bahari yenyewe iliyopata joto. Mabishano ni yaleyale ya Columbia, ila mabwawa hayamo.

Kusini ya hapo, katika ghuba ya Bristol ya jimbo hilohilo la Alaska, sokai walivunja rekodi mwaka 2022 kwa kurudi karibu milioni 79. Mito yake haina bwawa, misitu na maziwa yake hayajaguswa, na kwa sasa joto lililoongezeka linawafaa sokai wachanga katika maziwa yale. Samaki wa Bristol walisafirishwa kwa ndege hadi vijiji vya Yukon, ili watu ambao vibanda vyao vya kukaushia samaki vilikuwa vitupu wapate kitoweo cha majira ya baridi. Aprili 2024 Alaska na Kanada zilikubaliana kusitisha uvuvi wa chinuki wa Yukon kwa miaka saba, muda wa kizazi kimoja cha samaki huyo, kwa lengo la kufikisha chinuki 71,000 wanaovuka mpaka kuingia Kanada. Baadhi ya viongozi wa wenyeji walilalamika kwamba makubaliano yalifikiwa bila wao kushirikishwa ipasavyo, na kwamba katika miaka hiyo saba watoto wao hawatapata kambi za uvuvi za kujifunzia kumpasua na kumkausha samaki. Nyavu za mtoni zimewekwa kando. Meli za bahari ya Bering zinaendelea na kazi.